Siku Niliyoimba Sauti ya Pili Peke Yangu

Vijana wangu, mwezi uliopita mliniita nikae mezani na majaji wenu, niwasaidie kuchagua waimbaji wa ule mchezo wenu wa nyimbo. Nilikuja. Nikapewa kiti chenye mto na maji ya chupa, nikaona mambo. Nilimwona binti aliyeimba amefumba macho mwanzo hadi mwisho, kama anayesubiri kudungwa sindano. Nilimwona kijana aliyekuja na muziki wake ndani ya simu. Simu ilipozima, na yeye akazima. Mwingine hakuimba kabisa, alitueleza kwa dakika kumi kwamba yeye ni brandi. Nikamuuliza jaji wa kulia kwangu brandi ni kitu gani, akaninong'oneza kwamba ni kama alama anayochomwa ng'ombe ili asipotee.

Mlipomaliza mkaniomba niwaandikie habari za usaili wangu wa kwanza, ili mpate kucheka. Haya, naandika. Kucheka mtacheka, maana mimi nilikuwa kituko kuliko wote mliowaleta siku ile.

Kwa msionijua, naitwa Felista, mzaliwa wa Rombo, juu kidogo ya Mkuu. Jukwaani nimekaa miaka zaidi ya ishirini, na karibu yote hiyo niliigiza mke mdogo wa Mangi, yaani mtawala wa kale wa Wachaga. Mangi walibadilika wanne. Mmoja alipata kazi Dar, mmoja aliokoka, mmoja alinenepa mpaka kiti cha enzi kikamkataa. Mke mdogo alibaki yuleyule, na mwishoni nilikuwa mke mdogo mwenye miwani. Sasa nimestaafu, nafuga kuku, na kuku ni watazamaji wazuri kuliko baadhi ya walimu waliokuwa wakikaa viti vya mbele.

Kikundi chetu kilianzishwa na bwana mmoja tuliyemwita Mkurugenzi. Zamani alikuwa mtumishi wa mambo ya utamaduni, ndiye aliyezunguka mashuleni akitufundisha ngonjera za kusifu vijiji. Upepo ulipogeuka, maduka ya Moshi yakajaa vitu, naye akageuka. Akavua Kaunda suti, akavaa tai yenye maua, akaacha kutuita ndugu akaanza kutuita soko. Akaandika mchezo mrefu wa nyimbo kuhusu Mangi wa kale, vita vyake na wake zake, kisha akatafuta mfadhili. Akampata mfanyabiashara wa sabuni za mche.

Mfadhili alikubali kwa sharti moja tu: kila sehemu ya mchezo lazima mtu aoge au afue. Basi Mangi wetu alirudi kutoka vitani, akaoga. Alioa, akaoga. Alikufa, tukamwosha, na wakati wa kumwosha tuliimba kwa sauti nne uzuri wa povu. Kuna bibi mmoja Masama alilia sana pale, nikajivuna, kumbe alikuwa na mafua.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuimba kwamba sabuni ile inatoa utomvu wa mgomba. Fikirieni! Namwimbia Mchaga kwamba utomvu wa mgomba unatoka! Hata mtoto wa kunyonya huku mlimani anajua doa lile ukilipata leo utazikwa nalo. Tulipofika Mwika, mama mmoja akasimama katikati ya wimbo, akanyoosha khanga yake yenye madoa ya miaka yote ya ndoa yake, akapaza sauti: "Wee binti, shuka huko, njoo uitoe hii nikuone!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi nikaendelea kuimba, tena kwa tabasamu. Hiyo ndiyo kazi, wanangu. Msidhani sanaa ni kuimba unachokiamini siku zote.

Aliyenifundisha kuendelea bila kusita alikuwa Mzee Salimu, mpiga kinanda wetu, mtu wa Majengo pale mjini, aliyewahi kupiga katika bendi za dansi kabla bendi hazijafa. Alikuwa hasemi sana. Akikwambia jambo, liweke. Yeye ndiye aliyenikataza kiburu kabla ya kuimba. "Ndizi na maharage ni chakula kizuri, binti, lakini kitaimba na wewe." Akanizoesha bakuli la mtori, ile supu yetu ya ndizi, vuguvugu, saa mbili kabla ya kupanda, kisha basi. Akanifundisha kutafuta mtu mmoja nyuma kabisa anayetafuna muwa na kumwimbia yeye. Akiacha kutafuna, umewapata wote. Ukisahau maneno, rudia mstari wa mwisho kwa uchungu zaidi, watadhani ndivyo ulivyotungwa. Na huku juu, ukiimba uwanjani, maliza kabla ukungu haujashuka, kwa sababu ukungu unakula maneno. Nimeona waimbaji kutoka Dar wenye vipaza sauti vya kutisha wakiimba ndani ya ukungu wa Rombo. Watu walisikia mapigo tu, wakadhani kuna mahali wanatwanga.

Sasa usaili.

Mimi nilitoka kwaya ya parokia, na mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mtu mwembamba, mkali, aliyetembea na uma wa kupimia sauti mfukoni kama askari na bunduki. Aliposikia kwamba nimepeleka jina langu Moshi, alinisimamisha mbele ya kwaya nzima siku ya mazoezi.

"Felista, ni kweli unakwenda kuimbia sabuni?"

"Ni mchezo wa Mangi, Mwalimu."

"Nimeuliza sabuni."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi nenda. Lakini huwezi kumwimbia Mungu huku una povu mdomoni. Ukitaka kurudi hapa, utarudi kwa magoti, kuanzia mlango mkubwa mpaka altareni, na hawa wote watakutazama."

Akalifuta jina langu kwenye daftari hapohapo. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Kwangu halikuwa dogo. Kihamba, yaani shamba letu la ukoo, kilikuwa cha kaka yangu. Kahawa baba alikuwa ameanza kuing'oa, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka na hakuna aliyejua kwa nini. Wifi yangu alikuwa ananihesabu kila tulipokaa kula. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakuna aliyenipa na hakuna ambaye angekirithi ni kuimba. Nikipata nafasi ile Moshi, nitaimba. Nikikosa, ama nipige magoti mbele ya waliokuwa wananionea wivu, ama ninyamaze maisha yangu yote. Na magoti yangu nilikuwa nimeshaapa siyatoi.

Asubuhi ile nilishuka mjini kwa lori la ndizi. Nilivaa gauni la mitumba la soko la Mkuu, lenye mabega mapana kama kitanda cha wageni, rangi ya maziwa. Rangi ya maziwa, ndani ya lori la ndizi! Nilipofika nilikuwa na doa la utomvu kuanzia kiunoni mpaka gotini. Huu ndio utomvu ambao baadaye nililipwa kuimba kwamba unatoka.

Usaili ulikuwa kwenye ukumbi uliokodishwa kwa harusi na minada ya nguo. Nje kulikuwa na benchi refu, na mabinti kumi na mmoja wamekaa wanaangaliana kama wake wenza. Nafasi ilikuwa moja. Mlangoni Mkurugenzi alikuwa amebandika karatasi: atakayetoa sauti nje kabla ya kuitwa, jina lake litafutwa.

Kando yangu alikaa msichana wa Kibosho, jina lake Anisia. Aliliona doa langu kabla sijakaa vizuri.

"Yeleuwi, dada! Utaingia hivyo?"

"Nitafanyaje?"

Akafungua kitenge alichokuwa amejifunga kiunoni, akanipa. "Shika. Mimi gauni langu ni zima." Akanifunga mwenyewe, akarudi nyuma kutazama, akasema sasa nafanana na mtu. Kisha akatoa ndizi ya kuchoma kwenye gazeti, akaikata katikati. Tulikula tukinong'ona. Aliniambia kwao ni mabinti sita, na hata akipotea wiki nzima watagundua Jumapili, kwaya ikianza kuimba.

"Wewe unaimba ya ngapi?" akaniuliza.

"Ya pili."

"Mimi ya kwanza," akasema, na akainua kidevu kidogo, kama wanavyofanya wote wa sauti ya kwanza.

Mnaoimba kwaya mnajua hili, wengine niwaeleze. Kwaya zetu zina sauti nne, na kila mtu hufundishwa yake peke yake. Wa kwanza ndio wanaobeba wimbo wenyewe, ule mtu anaotoka nao kanisani akiuimba njiani. Sisi wa pili tunakaa chini yao tunashikilia, kama nguzo. Nguzo peke yake si nyumba. Lakini mimi nilikuwa nimeimba ya pili tangu Komunyo ya kwanza, na kwangu ile ya pili ndiyo ilikuwa wimbo. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba kuna namna nyingine ya kuujua.

Nikaitwa. Ndani kulikuwa na meza, na nyuma yake Mkurugenzi na tai yake, mfadhili na katoni ya sabuni mbele yake, na pembeni Mzee Salimu na kinanda. Nikatoa shikamoo tatu.

"Utaimba nini?" Mkurugenzi akauliza.

Nikataja wimbo wa matoleo uliokuwa ukiimbwa kila parokia ya mlimani miaka ile. Mfadhili akafurahi, akasema huo anaupenda sana, hata kwenye harusi yake uliimbwa. Mzee Salimu akanipa sauti ya kuanzia. Nikasimama wima, mikono kifuani, macho mbele. Wakasubiri. Na mimi nikasubiri.

"Anza," Mkurugenzi akasema.

"Nimeshaanza."

"Umeanza nini?"

"Wimbo, Mkurugenzi. Nasubiri kuingia."

Kwa sababu wa kwanza wanaanza, wa pili tunaingia baada ya mapigo manane. Nilikuwa nayahesabu kwa kidole gumba cha mguu, ndani ya kiatu. Nilipofika nane nikaingia, kwa sauti yangu yote, na sauti yangu ilikuwa kubwa. Lakini sauti ya pili ya wimbo ule ilikaa mahali pamoja, ikapanda kidogo ikaogopa, ikarudi. Ilikuwa kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka kijiji cha pili. Nikaimba mstari mzima hivyo, kisha nikanyamaza tena, nikaanza kuhesabu, maana pale wa kwanza wana kipande chao.

Mfadhili akamgeukia Mkurugenzi. "Huu ni wimbo gani?"

"Si huo uliosema unaupenda?"

"Mimi ni Mkatoliki tangu kuzaliwa. Huu siujui."

"Binti, umesahau maneno?" Mkurugenzi akauliza.

Nikamwinulia kiganja asinivuruge, nilikuwa kwenye pigo la sita.

Sasa nisikilizeni. Hadithi hii nimeisimulia kwenye sherehe nyingi, misibani pia, na kwenye ile hafla ya kuniaga. Huwa naishia hapa, pigo la sita. Watu wanapiga meza, wanafuta machozi, nami namalizia kwa kusema "na bado wakanichukua," kisha nainama wanipigie makofi. Ninyi mkitaka kicheko tu, acheni hapa, mmekipata.

Lakini mliniomba niandike, na kuandika kumbe si kama kusimulia. Hakuna anayenipigia meza hapa.

Nilipokuwa bado nahesabu, huku jasho limeanza kunitiririka kwa kuwa nilishaona nyuso zao na nilishajua kuna kitu kimeharibika, sauti ya kwanza ikaingia. Ilitoka nje, kupitia mlango wa mbao usiofunga vizuri. Ilikuwa sauti ya Anisia. Aliichukua mahali penyewe hasa, hakukosea hata nusu pigo. Nilipofika zamu yangu nikaingia chini yake, na ule wimbo, aisee, ukasimama. Nimeimba mbele ya maelfu, nimeimba mpaka Mombasa, na sijawahi tena kusikia mwili wangu ukitulia vile. Mfadhili akavua kofia. Mzee Salimu akaanza kutufuata na kinanda, taratibu, bila kuambiwa. Tukaufikisha mwisho, mimi ndani, yeye nje, hatuonani.

Mkurugenzi akainuka, akafungua mlango kwa nguvu. Mabinti wote walikuwa wamekaa benchini. Anisia alikuwa amesimama.

"Nani aliyeimba?"

"Ni mimi, Baba. Samahani. Nilisikia amebaki peke yake."

"Umesoma hii karatasi?"

"Nimeisoma."

Akanigeukia mimi. "Mmepanga huu mchezo? Wewe unamjua huyu? Kama mmepanga, mnaondoka wote wawili."

Jibu la kweli lilikuwa jepesi. Hatujapanga, ila namjua, amenisaidia. Sentensi moja, hata pumzi mbili haihitaji. Nadhani leo kwamba lingetosha, kwamba mfadhili mwenye kofia mkononi angesema tuchukueni wote. Lakini nadhani hivyo leo, na kuku wangu. Siku ile niliuona mlango mkubwa wa kanisa, na safari ndefu ya magoti mpaka altareni, na wifi yangu akitazama.

"Simjui," nikasema. "Huyu ameniharibia wimbo wangu."

Nilisema hivyo nimefungwa kitenge chake kiunoni, fundo alilolifunga yeye. Anisia alinitazama. Sikuona hasira, na ningeipenda hasira. Akamwambia Mkurugenzi, "Ni kweli, hatujuani," akachukua mfuko wake, akaondoka bila kuimba zamu yake. Kitenge hakukidai. Kama angekidai, tungeonekana tunajuana.

Mkurugenzi akanirudisha ndani, akasema niimbe upya, ila safari hii niimbe ile nzuri. Nikaimba sauti ya kwanza. Niliipata wapi? Nilikuwa nimeisikia kwake dakika tano zilizopita. Nilipumua alipopumua yeye, nikainua kidevu alivyoinua yeye. Wakanichukua kabla sijamaliza ubeti wa pili. Siku ya kwanza ya mazoezi Mzee Salimu aliniuliza yule mwenzangu wa mlangoni ni mtu wa wapi. Nikamwambia sijui. Akasema haya, tuanze, na miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hakuniuliza tena.

Mimi naona haya, vijana. Si zile haya za kuchekesha nilizowapa huko juu. Ninapowaona kwenye benchi lenu mkisukumana kwa viwiko, huku mmoja anamwazima mwenzake kitana, natamani kuwapigia kelele, kisha nakunywa maji ya chupa.

Tulifika Kibosho na mchezo wetu miaka saba baadaye. Wakati huo mfadhili alikuwa amechapisha kadi zenye picha yangu, nimekumbatia mche wa sabuni kama mtoto, na baada ya onyesho watu walipanga foleni niwaandikie majina yao. Wenzangu wa kikundi walikuwa nyuma yangu wanatania. Nilimtambua kabla hajafika mezani. Alikuwa amenenepa kidogo, na mvua ilikuwa imemlowesha mabega.

"Hongera, dada Felista," akasema. "Ulivyoimba leo, mpaka nimesahau nimelowa."

Kisha akatabasamu, akanipa nafasi. Alinipa nafasi ya kutosha, mapigo manane au zaidi. Wenzangu walikuwa wanasikiliza.

"Asante sana," nikasema. "Unaitwa nani, nikuandikie?"

"Anisia," akajibu kwa upole, kama mtu aliyeulizwa kweli. "Anisia, wa hapahapa Kibosho."

Nikachukua kalamu, nikaandika kwa mwandiko mzuri: Kwa shabiki wangu Anisia. Akaipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akasema asante, dada, akampisha aliyekuwa nyuma yake.